Ufa wa mita 12: ufupi wake ndio hatari yake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Isimani, Iringa, na kazi yangu ni kutembeza wageni. Nyuma ya shamba la mjomba kuna jiwe kubwa lenye ufa ulionyooka kutoka chini hadi juu, kama mita 12 hivi. Mgeni mmoja mpanda miamba aliniachia kamba, mkanda wa kiunoni, karabina (zile pete za metali zinazofunguka), nati (vipande vya metali vya kubana ufani) na zile kemu zenye springi, ambazo mabawa yake hufunguka ndani ya ufa. Nimeangalia video za jangwa la Utah, Marekani. Watu wanapanda nyufa fupi kama huu bila kutoboa jiwe, wanachomeka vifaa wakipanda na kuvitoa wakimaliza. Huku kwetu nako ni kukame kama jangwa. Kwa kuwa ufa wenyewe ni mfupi, je, mimi na rafiki yangu tunaweza kuanza nao, tukajifunza hivyo hivyo taratibu?"

Marahaba, mdogo wangu, na kamwene kwa mjomba. Swali lako nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale: "kwa kuwa ufa wenyewe ni mfupi." Nianzie hapo, maana hapo ndipo watu wanapovunjika miguu.

Kupanda, pandeni. Lakini mwaka huu pandeni kwa kamba iliyofungwa juu ya jiwe. Kutangulia, yaani kupanda kamba ikitokea chini yako huku ukichomeka vifaa mwenyewe, bado. Nitakueleza kwa nini, halafu tuangalie jiwe lako, kamba yako na mikono yako.

Chukua kijiti tuandike mchangani. Kifaa chako cha kwanza umekichomeka kwenye kimo cha mita 3. Umeendelea mpaka kiuno chako kiko mita 5, mguu ukateleza. Utashuka mita 2 hadi usawa wa kifaa, kisha mita 2 nyingine chini yake ndipo kamba ianze kukaza. Kiuno sasa kiko mita 1 kutoka ardhini, na miguu yako yenyewe ina karibu mita 1. Umeshafika chini, kamba haijafanya kazi yoyote, na hapo sijahesabu ulegevu aliouacha mwenzako anayekushikia kamba chini wala namna kamba inavyovutika. Peleka hesabu ile ile kwenye jabali refu: kifaa kiko mita 30, kiuno mita 32. Ukianguka unaishia kwenye mita 27 hivi. Umeogopa, umechubuka kiwiko, lakini unaning'inia hewani na kesho unakwenda kazini.

Ndiyo maana nasema ufupi haukusaidii. Ukiacha mita 2 kati yako na kifaa cha mwisho, ardhi inaendelea kukufikia mpaka kiuno kipite mita 6 au 7. Kwenye ufa wako hiyo ni nusu ya njia nzima au zaidi. Na kuna jambo la pili: kamba inapokuwa fupi, kuna nailoni kidogo ya kumeza nguvu ya anguko. Anguko la mita 3 kwenye kamba ya mita 5 linakubana vibaya kuliko anguko hilo hilo kwenye kamba ya mita 30.

Haya nayajua kwa kisigino changu cha kulia. Nilikuwa Lukenya, kile kilima cha nje kidogo ya Nairobi ambako wapandaji wa Kenya wamejifunzia kwa miaka mingi. Njia ilikuwa ya mita 9. Niliweka nati ya kwanza usawa wa kifua, nikaivuta kuelekea chini, ikakaa kama imepigwa saruji. Nikaweka ya pili, nikapanda. Mwenzangu alikuwa amesimama hatua nne nyuma ya ukuta ili anione vizuri. Nilipoteleza kamba ilinyooka kati yake na nati ya pili, na kamba inayonyooka kwa mshazari hivyo haivuti nati ya chini kwenda chini. Inaivuta kuja nje na juu. Ikachomoka kama kizibo, kamba ikapata ulegevu mwingine, na nilitua kwa kisigino juu ya jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu. Nilitembelea magongo wiki kadhaa. Mwenzangu hakuwa mzembe, hakuna aliyekuwa amemwambia asimame wapi. Wewe nakwambia leo: mshika kamba anasimama karibu kabisa na ukuta, pembeni kidogo ili usimwangukie, na kifaa cha kwanza lazima kistahimili kuvutwa chini, nje na juu.

Sasa hilo jangwa uliloliona. Bila shaka ni Indian Creek, kusini mashariki mwa Utah. Jiwe la pale ni jiwe la mchanga liitwalo Wingate, matuta ya mchanga yaliyopeperushwa na upepo yapata miaka milioni 200 iliyopita yakagandamana. Nimelishika. Limepasuka kwa mistari iliyonyooka mno, kuta mbili za ufa zikitazamana kwa upana ule ule kutoka chini hadi juu, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Uzuri wake uko hapo, na ugumu wake uko hapo hapo, kwa sababu ufa usiobana popote hauishiki nati. Mwaka 1976 Earl Wiggins, Ed Webster na Bryan Becker walipopanda ufa ule maarufu uitwao Supercrack, kemu zilikuwa bado hazijafika madukani. Walitegemea vipande vya alumini vya pembe sita. Mmarekani Ray Jardine ndiye aliyetengeneza kemu za springi. Akaziita Friends, yaani marafiki, na zikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1978. Wale unaowaona kwenye video wamebeba kemu sita hata nane za saizi moja, kwa sababu saizi moja ndiyo ufa wote. Aliyekuachia vifaa amekuachia labda moja ya kila saizi. Kwa Indian Creek usingefika popote nazo.

Jiwe lako si hilo. Mawe ya Iringa kwa sehemu kubwa ni granaiti, na ufa wa granaiti una tabia ya kibuyu: unapanuka, unabana kooni, unapanuka tena. Pale kooni ndipo nati inapokaa. Na neno nati hapa ni nati kweli kweli. Wapandaji wa Uingereza miaka ya 1950 waliokota nati za reli wakiwa njiani kwenda kwenye majabali ya Wales, wakapitisha kamba katikati, wakazibana kwenye nyufa. Kwa hiyo usiitazame nati kama kifaa cha maskini ukidhani kemu ndiyo kifaa cha mjuzi. Nati iliyokaa vizuri kwenye koo la granaiti, iliyogusa jiwe pande zote mbili kwa uso mpana, naiamini kuliko kemu yoyote. Itazame kwa tochi. Kama inagusa kwa ncha tu, itoe utafute pengine.

Kemu ni hadithi nyingine, na hapa naomba usome polepole. Yale mabawa yake yamechongwa ili yakutane na ukuta kwa pembe ile ile yakiwa yamefunguka kidogo au sana, kwenye nyingi pembe hiyo ni nyuzi 14 hivi. Ukiivuta chini, inasukuma kuta kwenda pembeni, na kila ukuta unasukumwa kwa nguvu karibu mara mbili ya ile unayovuta. Anguko la kiloneutoni 5 (kiloneutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100) linakuwa kiloneutoni 10 kulia na 10 kushoto. Ukuta ukiwa mzima, msukumo huo ndio unaokushika. Lakini granaiti yetu inabambuka kama kitunguu, gamba juu ya gamba, kwa jua la mchana na baridi la usiku na maji yanayoingia. Ukichomeka kemu nyuma ya gamba lililokwisha kuachana na jiwe mama, umeweka jeki nyuma yake. Ukianguka utaling'oa, nalo litakufuata chini alipo mwenzako.

Kwa hiyo, kabla hamjapanda kabisa, shuka na kamba kutoka juu ukiwa na nyundo ndogo, au kwa kisigino cha kiganja tu, ugonge kuta zote mbili za ufa, kila hatua. Jiwe zima linajibu kwa sauti fupi, kavu, tena mkono unauma. Gamba linajibu kama ngoma. Weka kiganja cha mkono mwingine karibu na unapogonga: kama unausikia mtetemo kiganjani, hapo hapachomekwi kitu. Hata kwenye jiwe zima, kemu ikae katikati ya uwezo wake. Ukiibana mpaka mwisho itanasa humo, hutaitoa. Ukiiacha imefunguka sana ni mwavuli, itapinduka. Futa kwanza ukungu na vumbi ukutani kwa brashi ya viatu, maana kinachoishika kemu ni msuguano tu.

Umesema Isimani ni kukame kama jangwa. Kweli kuna ukame, lakini ufa wa kwetu una wenyeji ambao nyufa zile za Utah hazina kwa wingi huu. Wa kwanza ni nyuki. Nyuki wa kwetu hawana subira, na mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kukimbia. Nenda asubuhi jua likishapasha jiwe, kaa mbali kidogo mkiwa kimya, mtazame ufa wote kwa nusu saa. Mkiona hata nyuki kumi wanaingia na kutoka mahali pamoja, njia hiyo imefungwa. Msifukize moshi, msimwite mrina asali awahamishe kwa ajili yenu. Wa pili ni pimbi. Ukiona michirizi myeupe na ya kahawia jiweni na harufu kali, hapo ndipo wanapojisaidia, na mkojo wao uliokaukia ukutani unateleza kama sabuni mkono ukitoka jasho. Palipo na pimbi mara nyingi na nyoka hayuko mbali. Usiingize mkono usipoona. Chunguza kwanza kwa kijiti.

Na mvua. Kule Indian Creek jiwe likilowa linapoteza nguvu, wapandaji husubiri siku moja hadi tatu baada ya mvua, maana kemu zinaweza kupasua ukingo wa ufa na kuuharibu milele. Granaiti haidhoofiki hivyo. Lakini mistari myeusi unayoiona ikishuka jiweni ni njia za maji, imeota viumbe vidogo vinavyoteleza sana vikilowa, na ndani ya ufa tope hukaa siku kadhaa juu ya jiwe lililokwisha kukauka nje. Kuanzia Novemba hadi Aprili, shughulikieni shamba. Juni na Julai, asubuhi ya baridi, ndipo jiwe linaposhika vizuri.

Kamba. Hapa niko mkali. Kamba ya kupandia ni nailoni iliyosukwa ivutike, ili imeze nguvu badala ya kuikabidhi kwa uti wako wa mgongo. Kipimo cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kinataka kamba moja ivumilie maanguko mabaya yasiyopungua 5 ya uzito wa kilo 80, na lile la kwanza lisizidishe kiloneutoni 12. Kamba ya katani, kamba ya manila ya kufungia mizigo ya lori, kamba ya kisimani, hakuna hata moja inayofanya hivyo. Zinakaza ghafla. Angalia mwisho wa kamba uliyoachiwa: kama kuna duara lenye namba 1 ndani yake, ni kamba inayotumika peke yake. Ukikuta ½, ni ya kutumiwa mbili mbili, usiitumie peke yake. Mwulize mgeni wako kwa simu ina miaka mingapi, kwa sababu watengenezaji wengi hawaruhusu kupita miaka 10 hata kama haikutumika. Kisha ipitishe yote vidoleni, sentimita kwa sentimita, macho yakiwa yamefumba. Unatafuta mahali palipo laini kupita kiasi, palipobonyea, au panapokunjika kama uzi badala ya kupinda kama mpira. Ukipata, kata hapo, au iwe kamba ya mbuzi.

Na uniambie ilikuwa imewekwa wapi. Nauliza kwa sababu nyumba nyingi siku hizi zina betri ya sola chini ya kitanda au stoo, pale pale zinapowekwa kamba. Tindikali ya betri, hata mvuke wake, inaila nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona. Kama kamba yako imelala karibu na betri, hata mwezi mmoja, usipande nayo. Najua bei ya nyingine. Usipande nayo.

Kufunga kamba juu: zungukeni nyuma ya jiwe mkapande kwa miguu. Mti ukiwepo, uwe hai, mnene kama paja, umeota kwenye udongo wa kweli. Mti uliojishikiza kwenye kijungu cha jiwe mizizi yake imelala tu kama mkeka. Fungeni vitu vitatu tofauti, mti, nati mbili nzuri, vikigawana uzito, kimoja kikishindwa vingine visipate mshtuko. Karabina mbili za kufungwa kwa skrubu, midomo ikitazama pande tofauti, zining'inie kabisa nje ya ukingo ili kamba isisuguane na jiwe. Kwenye ukingo wekeni kipande cha zulia kuukuu. Kiunoni funga kifundo chenye umbo la namba 8, kilichorudishiwa kwa kufuata njia yake ile ile, halafu mwenzako akishike, akivute, akitamke kwa sauti kwamba amekiona. Kila safari, hata ya ishirini kwa siku.

Sasa utamu wenyewe. Ufa haushikwi kwa vidole kama ngazi, mkono mzima unageuka kabari. Ukiwa na upana wa kiganja, ingiza mkono umenyooka kama unautia mtungini, kidole gumba kikiwa juu. Ukishaingia mpaka kifundo cha mkono, kunja gumba kuelekea shina la kidole cha mwisho. Nyama ya chini ya gumba inavimba, mgongo wa mkono unasukuma ukuta wa upande wa pili, na ghafla umeshikwa. Mara ya kwanza utadhani utachomoka. Legeza mabega, ning'inia, uone. Mguu ni vile vile: geuza unyayo ulale ubavu, goti likienda nje, ingiza vidole vya kiatu ndani ya ufa, kisha rudisha goti katikati. Kiatu kinajibana na unaweza kusimama ukapumua. Inauma. Fungeni migongo ya mikono kwa plasta ya kitambaa ya duka la dawa, kwa sababu chembe za granaiti zinakwangua kama karai lenye kutu, na kidonda cha juu ya vidole hakiponi mkishika jembe kila siku. Kemu na nati za kuchomeka ukipanda sahau kwa wiki nne za kwanza. Jifunze kwanza kupumzika ufani mkono mmoja ukiwa huru, maana mtu asiyeweza kupumzika atachomeka kifaa kwa haraka, na kifaa cha haraka hakiaminiki.

Vifaa utavijua chini, miguu ikiwa ardhini. Chomeka nati kwenye ufa usawa wa kifua, itie kitanzi cha utepe, simama ndani yake kwa mguu mmoja, rukaruka kidogo, kofia ngumu kichwani na uso ukiwa pembeni. Fanya hivyo mara mia. Zitakazochomoka ndizo zitakufundisha. Baadaye mtapanda mkichomeka vifaa huku kamba ya juu ikiwa imekaza bado, na mtu anayejua atashuka nyuma yenu kukagua kimoja kimoja. Mtu huyo ndiye mnayemkosa, na video haiwezi kukaa mahali pake. Klabu ya Milima ya Kenya hupanda Lukenya na kwenye hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha. Nauli ya basi hadi Nairobi ni ndogo kuliko gharama ya mfupa. Gari lenu pia lijulikane liko wapi siku hiyo, na namba ya dereva iwe kwenye simu zote mbili, maana hakuna helikopta itakayotoka kokote kuwafuata.

Kitu kimoja kabla ya yote hayo: jiwe lina wenyewe. Mweleze mjomba, kisha mwenyekiti wa kijiji, kisha muulize wazee kama palikuwa mahali pa tambiko. Wahehe hawakuliita lile jiwe la Iringa mjini Gangilonga, jiwe linaloongea, kwa mchezo. Tazama kuta zote za chini, hasa zilizoinama kama paa, kama kuna michoro. Pale Igeleke, karibu na mjini, michoro ya kale iko kwenye jiwe la aina hiyo hiyo, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda kokote iliko, hata shambani kwa mjomba. Ukiona hata doa moja la rangi nyekundu lenye umbo, usiguse, usipake chaki, kawaambie watu wa mambo ya kale, na utafute jiwe jingine. Hata kule Utah, njiani kuelekea Indian Creek, liko jiwe lililojaa michoro ya kale, na wapandaji hulipita bila kuligusa. Zile nguzo za Isimila nazo usiziwaze kabisa, ni udongo uliochongwa na maji, hazibebi hata mtoto.

Mwezi wa saba nina safari ya Dodoma kwa njia ya Mtera, kwa hiyo nitapita kwenu. Kabla ya hapo nitumie picha nne: ncha ya kamba inayoonyesha alama, ufa wote ukiwa na mtu amesimama chini ili nipime urefu, sehemu ya juu ya jiwe, na mahali kamba ilipokuwa imehifadhiwa. Viatu vyangu vya zamani namba 42 vipo. Kama vinakufaa, niandikie.